Sampuli Namba 88

Jumatatu, 7 Machi 2016
Nimemaliza! Sampuli mia mbili na kumi za saratani ya mapafu, jicho kwenye hadubini tangu Desemba. Kazi yangu ni kuhesabu viini vilivyogeuka kahawia — ndivyo vyenye protini ya kunakili DNA. Kahawia ikizidi, saratani ina kasi na mgonjwa hana miaka mingi. Namba 88 imezidi zote: asilimia tisini na mbili. Nikamwambia Mwalimu Teng, mkuu wa maabara, kwamba maskini huyu hamalizi miaka miwili. Akaenda kuchemsha chai.

Jumatano, 9 Machi
Orodha ya wagonjwa, iliyofichwa hadi tumalize kuhesabu, imefunguliwa leo. Majina hayamo. Namba 88: mwanamke, miaka 47, kapasuliwa 14 Oktoba, pafu la kulia.
Nina miaka 47. Nilipasuliwa 14 Oktoba. Pafu la kulia. Daktari alisema ni kovu la TB ya zamani, mume wangu akaitikia kwa kichwa.
Nimetafuta mwanamke mwingine wa tarehe hiyo. Hayupo.

Alhamisi, 10 Machi
Mwalimu Teng hakukana. Baba Yutong, mume wangu, ndiye aliyewaomba wanifiche. Majibu niliyopewa yalitungwa kwa ajili yangu tu. Mama yangu anajua. Yutong, binti yetu aliyeko mji wa Dalian, anajua!
"Mdogo wangu," Mwalimu Teng akasema, "ningekuondoa kwenye kazi hii ungeshtuka."
Basi akaniacha nijihesabu mwenyewe.
Miezi mitano Baba Yutong ananimenyea matufaha, anaosha vyombo, ananishika mkono tukivuka barabara yenye barafu. Mtu ambaye hakuwahi kunibebea hata kikapu. Nami mjinga — nilidhani mapenzi yamerudi.

Ijumaa, 11 Machi
Nimemwekea Baba Yutong mezani ukurasa wa orodha wenye Namba 88, kando ya bakuli la jiaozi za nyama alizochemsha. Akaisoma mara mbili.
"Mama yangu tulimficha ugonjwa wake pamoja," akasema. "Wewe ndiye uliyesema, tumwache afe akicheka."
Kweli. Nilisema. Lakini alikuwa na miaka themanini, na sikumfanya ajihesabu mwenyewe!
Kisha sauti ikamshuka. "Daktari alikataa kuniambia. Wewe unazijua hizi hesabu, Mama Yutong. Tumebakiwa na muda gani?"
Kumbe hajui. Namba ile, miaka miwili, nyumbani humu ninayo mimi peke yangu.
Amesimama hapo, mwiko mkononi, jiaozi zinapoa. Naandika ili nisiinue uso. Ameuliza tena, taratibu, na mimi —