Kiti cha Bibi Pacing

Iloilo, Jumanne

Dada Nening,

Kidume cha mtaa nakusalimu. Jogoo wako kanenepa kama diwani.

Kile kiti cha magurudumu ulichomlipia Bibi nimeenda dukani kukighairi. Kilikuwa hakijaletwa, na Bibi katutoka Jumapili. Najua tajiri wako huko Kuwait hakupi ruhusa ya kuja kuzika.

Nilitoka kwenye mkesha wa msiba moja kwa moja hadi dukani. Muuzaji akakata asilimia kumi ya pesa zako. "Ada ya kughairi, kaka."

"Aliyeghairi ni marehemu, mama! Na mila unaijua: ukitoka msibani unapitia kwanza mahali pengine, roho ya marehemu ibaki huko isikufuate nyumbani. Mimi nimepitia hapa kwako. Haya, mdai mwenyewe, huyo nyuma yako."

Akapauka kama wali! Akanirudishia pesa zote. Nikatoka kifua mbele, ungeniona.

Ila nilipofungua mlango, nyumba ilikuwa kimya, hakuna wa kuniuliza, "We mtukutu, umekula?" Nikarudi mbio dukani kumchukua Bibi. Nikakuta wameshafunga.

Mdogo wako, mshindi wa dukani,
Nonoy