Tonton, Sikuchomoa Waya wa Pili

Tonton,

Nimerudi jana kutoka Yanonge, matope ya mto bado yako kwenye viatu vyangu. Kabla mtu mwingine hajakufikishia habari huko uliko, nakuandikia mimi mwenyewe, Masika, fundi wako mwanafunzi, yule uliyesema ana mdomo wa kuamsha parokia nzima. Keti vizuri. Kwanza nitakugombeza, halafu nitajisifu.

Miezi saba imepita tangu tukuzike. Atelie, karakana yetu, iko palepale, mlango unakwama palepale. Maman Bernadette, mke wako, anapita kila asubuhi akitoka misa, anafuta vumbi kwenye kiti chako halafu anakikalia. Mimi bado nakaa kwenye benchi. Usifikiri ni heshima tu, kile kiti kinayumba.

Unakumbuka ugomvi wetu. Kisakinishi chako, ile programu uliyoiandika kwa miaka ili kuweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta za zamani za mashule, kilikuwa kinatazama diski, kinachagua moja na kuifuta, yote kwa pumzi moja. Hukuweza kukijaribu bila kufuta kitu kwelikweli. Nikakuomba tukigawe, sehemu ya kuamua mbali na sehemu ya kutenda, ili ile ya kuamua tuijaribu bila kugusa mashine. Ukakataa. "Kitega ya samaki inajaribiwa mu maji," ulisema. "Kazi iko mu mikono, Masika, haiko mu karatasi."

Wewe ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko, nikubishie vipi habari za vitega? Lakini siku ile uliyonipeleka kwa kaka yako, nilimwona akivuta kila fundo la kitega chake kwa nguvu zote, bado yuko juu ya mwamba, kabla ya kukiteremsha majini. Nikakutazama. Ukajifanya una mwiba wa samaki kooni.

Bon. Wiki tatu baada ya matanga, nilikwenda Yanonge peke yangu kwa mara ya kwanza, kwenye shule ya yule mtawa, Masœur Thérèse. Kompyuta yake ilikuwa na diski mbili. Ya zamani ilikuwa na majina na alama za wanafunzi wote, alizoandika yeye mwenyewe kwa vidole viwili, jioni baada ya jioni. Ile mpya niliipachika mimi ili iwekewe mfumo. Nikaanzisha kisakinishi. Katikati, jenereta ya shule ikazimika. Ikawashwa tena, nikaanza upya, kikamaliza vizuri kabisa, nikatabasamu. Masœur akafungua orodha yake. Hakukuwa na orodha. Kisakinishi kilikuwa kimefuta diski ya zamani.

Sikuwa nimefanya kopi. Naandika hilo bila kujitetea. Nilikiamini kwa sababu mikononi mwako hakikuwahi kukosea hata siku moja.

Masœur hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema tu, "Programu ya Papa Bosenge haitaingia tena mu masomo yangu." Na mto hauna siri, Tonton. Nilipofika hapa Kisangani shule mbili nyingine zilikuwa zimeshatuma ujumbe kwamba zitasubiri kwanza. Miaka yako yote, jina lako, vilikuwa vinakwenda na maji, na aliyevisukuma ni mimi. Nililia mbele ya Maman Bernadette mpaka kamasi. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Yeye ndiye aliyefungua fumbo, bila hata kujua. Nilimwuliza kama uliwahi kufuta diski isiyopaswa kufutwa. Akacheka. "Huyo? Hata nyumbani, kabla ya kuwasha redio, anachomoa kwanza friji. Courant ya umeme ilimuchomea vitu viwili siku moja, toka ile siku kila kitu chenye hakitumike anachomoa."

Tonton! Nikaona mikono yako palepale. Kila ulipofungua kompyuta ya mteja, ulipuliza vumbi, ukapiga soga kuhusu mpira, na huku vidole vyako vinachomoa waya wa diski ya pili. Miaka mitano nimekaa kando yako, nikadhani unasafisha. Kisakinishi kilikuwa kinachukua diski ya kwanza kinayoiona, basi. Mbele yako ilikuwa moja tu siku zote, kitakosea wapi? Mbele yangu zilikuwa mbili, na ile mashine kongwe, umeme uliporudi, iliamsha ile ya zamani kwanza.

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Nilikuwa nasema peke yangu ndani ya atelie, "Kwa nini hukuniambia?" Halafu nikaelewa kwamba hukuwa na la kuniambia. Wewe mwenyewe hukujua. Hofu yako ya courant ilikuwa inaficha kasoro ambayo hukuwahi kuiona. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta umeniachia mimi.

Basi nimejenga. Nimekigawa kisakinishi chako vipande viwili, ndiyo, bila ruhusa yako. Kimoja kinatazama na kuamua, hakina uwezo wa kufuta hata herufi. Kinaandika kitakachofanyika: diski hii, ya ukubwa huu, yenye namba hii iliyopigwa kiwandani. Mtu anasoma, anakubali, ndipo cha pili kinatenda. Na kwa sababu kile cha kwanza hakigusi kitu, naweza kukidanganya ninavyotaka. Nakipa diski za uongo, zilizoandikwa tu kwenye faili: mbili, tano, hakuna hata moja, zilizobadilishana nafasi baada ya umeme kukatika. Wewe jaribio moja lilikula saa nzima na mashine nzima. Mimi nafanya yote kabla chai haijapoa.

Siku ya kwanza niliandika jaribio la Yanonge, vilevile kama ilivyotokea, dhidi ya programu yako ya zamani. Likaanguka, programu ikachagua tena diski ya zamani. Tonton, nilicheza! Maman Bernadette alidhani nimepagawa. Lakini kasoro uliyoikamata mkononi haikuponyoki tena. Nikaitengeneza, jaribio likapita, nikalirudia mpaka nikachoka.

Halafu nikaanza kuzikumbuka tabia zako nyingine, moja baada ya nyingine, na kujiuliza kila moja ilikuwa inaficha nini. Kwa nini uliwaambia watu waandike majina yao bila alama, "Therese" badala ya "Thérèse", nao wakakutii kama watoto wa katekisimu? Kwa sababu ile é iliangusha kazi yote karibu na mwisho! Kwa nini ulikuwa unachomoa flashi na kuirudisha kabla ya kuanza? Kulikuwa na kasoro pale pia. Kila tabia nimeigeuza jaribio, na juu ya kila jaribio nimeandika maneno yako, kama ulivyoyasema.

Moja tu ilinishinda. Ulikuwa unagonga kasha la kompyuta mara mbili kwa kidole kabla ya kubonyeza. Nimeichunguza programu mstari kwa mstari. Hakuna sababu, Tonton.

Juzi nikarudi Yanonge. Nilimwomba Masœur nafasi moja, akakubali kwa shingo upande, kompyuta ileile, orodha ikiwa imeandikwa upya yote kutoka kwenye madaftari. Safari hii kopi mbili zilikuwa mfukoni mwake kabla sijafungua hata skrubu moja. Akaniambia, "Chomoa ule waya, kama Papa alivyokuwa anafanya." Kumbe yeye alikuwa ameona! Nikasema hapana, Masœur, ubaki ndani. Nikamwomba mlinzi azime jenereta katikati ya kazi. Masœur akafanya ishara ya msalaba.

Umeme uliporudi, diski zikaamka zimebadilishana, kama mara ile. Kisakinishi kikasimama. Kikaandika: naona diski mbili, hii ina kazi za watu, siigusi, thibitisha niweke kwenye ile mpya. Masœur akasoma mara mbili. Akaandika jina lake, Thérèse, na alama zake zote, akakubali. Kilipomaliza alifungua orodha, akasoma majina kwa sauti mpaka darasa la mwisho. Halafu akanisukumia kompyuta nyingine. "Bon," akasema. "Ziko zingine tisa mu chumba ile."

Lala salama, Tonton Bosenge. Ulinipa kazi ya mikono yako, nami nimeitoa mikononi na kuiandika. Nakuahidi hivi: nitakachojua sitakufa nacho. Atakayekaa kwenye benchi langu atakikuta chote kimeandikwa, na hatalia mbele ya mtu kama nilivyolia mimi.

Ila zile kompyuta tisa, kabla ya kubonyeza, niligonga kila moja mara mbili kwa kidole. Hilo sikuliandikia jaribio.

Masika wako