Mwenye Kiwanja cha Nyuma ya Plaza

Jumatatu, 5 Februari 2024

Sijamaliza hata kufungua duka, Mzee Mbaruku wa hadwea huyo, tasbihi mkononi. Ati mzee Lyamba, mwenye jengo letu, anaikodisha ghorofa ya juu. Kwa nani? Kwa Edgar, yule kijana aliyerudi kutoka machimboni Kahama na gari jeupe. Anafungua nini? Naiti klabu! Juu ya vitenge vyangu! Juu ya misumari ya Mbaruku! Na msikiti uko mtaa wa pili tu.

Katarina wa saluni, jirani yangu, kasema "jamani" basi. Hiyo jamani yake siielewi. Anayekwenda kucheza muziki lazima asuke kwanza.

Jumatano, 7 Februari

Kikao cha wapangaji. Tumekaa juu ya mifuko ya saruji kwa Mbaruku. Kaongea maadili mpaka usingizi ukanichukua. Nilipoamka nikanyoosha mkono. Nikawaambia, manispaa tukiwapelekea maadili watatwambia tukaongee na shehe. Tuwapelekee paking. Plaza nzima ina nafasi ya magari manne, na mbili kazilalia Fuso, lori la mume wangu, halina injini tangu mwaka juzi. Wacheza disko wataweka magari wapi? Juu ya paa?

Makofi! Mbaruku, mtu wa baiskeli, akasema paking imemkosesha usingizi miaka yote. Nimechaguliwa katibu. Najiona nina akili sana.

Ijumaa, 16 Februari

Sina akili hata kidogo.

Afisa mipango miji kaja, dada mpole, na ramani yake. Kasema hili ni eneo la biashara. Vitenge biashara, klabu biashara. Edgar akizuia sauti isitoke na akapata paking, atapewa kibali. Mbaruku kama kamwagiwa maji.

Halafu yule dada akazunguka nyuma. Akayaona mahindi.

"Haya ya nani?"

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahija, akatokeza katikati ya mistari na jembe lake. "Yangu, mwanangu. Karibu."

Dada akatazama ramani. Akasema kiwanja hiki nacho ni cha biashara, mahindi katikati ya mji hayaruhusiwi. Tena kingefaa sana kwa paking. Mwenyewe ni nani?

Wote wakanigeukia mimi. Nikajibu nilivyowajibu siku zote: cha mzee Yotham, mrina asali wa Inyonga. Mimi namwangalizia tu.

Hapa naandika mwenyewe, nasoma mwenyewe. Yotham hayupo. Kiwanja ni changu. Nilikinunua kimyakimya, mume wangu Rahim alipouza kile chetu cha Ilembo bila kuniuliza ili anunue Fuso. Nikasema hiki hakigusi yeye wala kaka zake. Nilitaka mwenye kiwanja anayekaa mbali. Inyonga niliona ni mbali ya kutosha.

Jumamosi, 17 Februari

Asubuhi Edgar dukani. Kaninunulia kitenge asichokihitaji. "Mama, nipe namba ya mzee Yotham." Sina, nikamwambia, yeye huja mwenyewe. Anakuja lini? Msimu wa asali!

Mchana Mbaruku. Naye anamtaka Yotham, amsihi asikubali.

Jioni Rahim. Huyu ndiye kaniumiza. Edgar kamwahidi akimpata mwenye kiwanja atamtafutia injini ya Fuso. Mume wangu anaisaka ardhi ya mke wake ili apate injini ya gari lililomlisha mke hasara! Nikamuuliza, si wewe ulikuwa upande wetu wa paking? Akasema, "Mama Sabrina, hii nayo si ni paking?"

Nikaanza kufunga duka.

Jumanne, 20 Februari

Katarina kafunguka. Alisaini barua yetu ya kupinga kwa sababu kalamu ilifika kwake na Mbaruku alikuwa amesimama. Roho yake inataka klabu. Kachoka kusuka watoto wa shule. Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaniuliza, "Hivi huyo Yotham yukoje? Mrefu?"

Nikasema wa wastani.

Alhamisi, 22 Februari

Rahim kapanda basi la Inyonga. Kapiga pasi mwenyewe shati la kwenda Idi. Nilitaka kumwambia mlangoni. Nilishafungua mdomo kabisa. Akasema, "Injini ikipatikana nakupeleka kusalimia kwenu." Ana miaka mingi hajanipeleka popote. Nikafunga mdomo.

Atakwenda, hatampata, atarudi. Basi limwonyeshe vumbi.

Jumapili, 25 Februari

Kapiga simu, anapiga kelele kama yuko mnadani.

"Nimempata!"

"Nani?"

"Yotham!"

Nikakaa chini. Kumbe Inyonga ina akina Yotham watatu. Wa kwanza alisema hana kiwanja huku kwetu Mpanda. Wa pili alisema hivyohivyo. Wa tatu akafikiri kidogo, akasema, "Ndiyo, kile cha nyuma ya ghorofa." Nikamuuliza Rahim, ghorofa umemtajia wewe au kaitaja mwenyewe? Akasema nisianze maswali yangu, mzee ni mtu wa watu, kamkirimu na asali ya kwenye kibuyu.

Jumatano, 28 Februari

Edgar kamtumia Yotham kianzio kwa simu. Kamtumia! Mtu ambaye nilimtunga nikiwa nakaanga dagaa sasa kashapokea hela ya kiwanja changu.

Jioni jikoni nilimsogelea Bi Mwanahija. Tunachambua mboga. Nikasema, mama, nikikuambia jambo utakasirika? Akasema inategemea jambo. Kisha kabla sijaanza akasema, "Rahim kapiga simu, amefurahi. Sijamsikia hivyo tangu gari lilale. Mwanamume bila kazi mikononi anazeeka haraka." Yeye mwenyewe tangu alipoletwa mjini kutoka Kasekese hakuwa na raha mpaka siku nilipompa ile sehemu alime. Nikamuuliza, wakikata mahindi? Akaendelea na mboga. Akasema mwenye mali akiamua, mtu wa kuazimwa atasema nini?

Mwenye mali alikuwa anachambua mchicha pembeni yake.

Ijumaa, 1 Machi

Kikao cha dharura kwenye saruji. Mbaruku kapendekeza ujumbe umwone Yotham akifika kesho na Rahim, umwombe kwa heshima akatae. Aongoze nani? Katibu, maana ndiye anayemfahamu. Wote wakaafiki! Hata Katarina, mnafiki, kanyoosha mikono miwili.

Jumamosi, 2 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika nimekaa nyuma ya marobota ya vitenge. Wako kiwanjani wote, nawaona kwenye dirisha la nyuma.

Yotham kaja. Koti la kaki, kofia ya pama, tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Si wa wastani, mrefu. Bi Mwanahija kamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kamshukuru kwa miaka yote aliyomwachia alime, machozi yanamtoka. Kampa hindi la kuchemsha. Analila! Hindi langu!

Alipomaliza kaanza kuonyesha mipaka. Kutoka ule mwembe mdogo mpaka choo cha plaza, kasema. Hapo mzee Lyamba akaruka. Choo ni cha kwake! Yotham akasema kwa upole kabisa kwamba choo kilijengwa yeye akiwa safarini na hana kinyongo. Kanizidishia ardhi! Mbaruku, aliyekuja kumsihi akatae, sasa anamtetea dhidi ya Lyamba. Edgar anamshikilia Lyamba koti. Rahim kasimama karibu na Yotham, kifua mbele, kama mtu aliyeleta mkwe.

Dada wa mipango miji kafika. Kafunua ramani, akauliza swali moja tu: nani kati yenu anamfahamu huyu mzee, athibitishe ndiye?

Vidole vyote dukani kwangu.

Nikatoka. Yotham akavua kofia. "Zuhra mwanangu! Za siku nyingi!" Jina kalitoa kwa Rahim, ndani ya basi. Macho hayapepesi. Wote wanasubiri nimwamkie. Nikamwangalia Rahim usoni. Nikamwangalia mama na jembe lake. Nikasema ngojeni, nilete viti, wageni hawasimami hivi.

Viti ninavyo hapa. Nimekalia kimoja.

Rahim anaita. "Mama Sabrina, viti gani hivyo?"

Edgar anaita.

Dada wa ramani anasema ana kazi nyingine Makanyagio, hana siku nzima.

Katarina kachungulia mlangoni, kaniona na kalamu. Katazama kiwanja, kanitazama mimi, kashika mdomo. Kajua! Sijui kajuaje, lakini kajua.

Na sasa ni yeye Yotham anaita, ana sauti nzuri, mshenzi, kama mwadhini: "Zuhra mwanangu, acha kuhangaika na viti. Njoo tu uwaambie unavyonijua."