Goti la mke wangu kwenye ngazi za umeme

Mpwa wangu Adela wa Kaisho, marahaba, najua umeshaniamkia.

Jana hapa Dar tulikuwa tunapanda ngazi za umeme, mke wangu akamwona mkwe wetu, baba wa mchumba wa binti yetu, kule juu. Akapiga magoti palepale kumwamkia. Kitenge kikanaswa na meno ya ngazi, goti likachubuka. Nikakipiga kitufe chekundu cha kuzimia ngazi, nadhani nusu ya jiji ilikosa umeme. Mkwe akaja mbio: "Mama, umeumia?"

"Kwanza itikia," akamjibu.

Goti limefungwa, anatembea. Mama yako akija harusini, mwambie akunje kitenge, ashike mkono wa ngazi, asalimie akishafika juu. Mtunze dada yangu, yeye ana goti moja tu zima.

Nawapenda,
Mjomba Fidelis