Suruali Isiyo na Tundu

Jumatatu, 3 Machi

Leo bafuni nimeona vipele. Huko! Vichache kwenye shina la uume, vigumu kidogo, rangi ya ngozi. Haviwashi, haviumi. Vingine vidogo mno vimejipanga kuzunguka kichwa kama mshono wa cherehani. Vilikuwepo siku zote? Nani hujikagua huko?

Labda wembe. Labda ile sabuni ya karakana ya kutolea grisi, maana hata viganja inavichubua. Labda joto, kutwa nimeinama juu ya boneti za watu. Basi ni joto. Mke wangu amegonga mlango, eti najipamba kama bibi harusi. Nimecheka kwa kujilazimisha.

Yeye naye hana raha. Katoka damu tena na siku zake zilishapita. Anasema ni umri.

Jumatano, 5 Machi

Si joto. Wala si wembe, maana vya wembe vimewahi kuniota kidevuni na vilikuwa na vichwa vya usaha. Hivi vimekaa tu, kama vimelipa kodi.

Sijatoka nje ya ndoa. Sijatoka! Kwa hiyo kama ni gonjwa la huko, limeingia kwa mlango gani? Jioni nimemtazama mke wangu akikunja nguo za watoto, nikawaza ninachokiwaza, nikajichukia. Nimelala kwenye kochi. Nimemwambia mgongo unauma.

Ijumaa, 7 Machi

Mpiga rangi wetu, tunamwita Kobe kwa kasi yake, leo alikuwa anajisifu. Alikuwa na chunjua, uvimbe mdogo mgumu kidoleni, akaichoma kwa maji ya betri, tone moja kwenye njiti ya kiberiti, ikadondoka yenyewe. Kila mtu kacheka. Mimi nikauliza kama mtu asiye na shida: na ikiota mahali pengine? Kobe kasema chunjua ni chunjua, haina cheo.

Wanasema upele humwota asiye na kucha. Mimi kucha ninazo. Fundi betri mzima, nina dumu la maji yenyewe!

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya. Stoo, mlango nimeukaza kwa tairi. Nimechoma vyote, mpaka vile vya mshono. Nifanye kazi nusunusu?

Mungu wangu. Mungu wangu! Nimejimwagia ndoo nzima ya maji, nimepaka magadi tunayofutia vichwa vya betri. Nimeuma kitambaa cha kufutia oili nisipige kelele. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Pamevimba, pamekuwa peupe na pekundu. Kukojoa ni adhabu. Natembea miguu panda.

Mke wangu kauliza. Nimesema maji ya betri yamenimwagikia kazini. Nilidhani ni uongo mzuri, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kashtuka, kakimbilia suruali ya kazi. Nilisahau nimeoa nani. Miaka yote hii ni yeye anayetia viraka suruali zangu, maana tone likigusa kitambaa, kikifuliwa tu ni tundu. Kailoweka, kaifikicha, kaigeuza ndani nje, kaiinua dirishani.

Mbona haina tundu?

Nimesema labda yalipita juu.

Kaniangalia. Kisha taratibu: maji gani hayo, baba watoto, yanayojua kuvua suruali?

Haniamini. Na ana haki.

Jumanne, 11 Machi

Homa imenipeleka zahanati. Dokta ni mwanamke, mdogo kwangu. Nilitamani nizame kwenye sakafu. Yeye kavaa glovu kama anayemenya viazi, kaniambia niteremshe suruali.

Kauliza nimepaka nini. Nikasema. Akafumba macho kidogo. Akasema hata zile dawa za chunjua za mikononi haziruhusiwi huku, sembuse maji ya betri!

Kisha kanionyesha kwa ncha ya pamba. Hivi vilivyojipanga kuzunguka kichwa ni vya maumbile, wanaume wengi wanavyo, si ugonjwa, haviambukizi, haviombi dawa. Kwa hiyo nimejichoma ngozi yangu isiyo na kosa, bure! Vile vya kwenye shina ndivyo chunjua. Ni virusi, vinapita ngozi kwa ngozi. Wamenipima damu pia, kaswende na ukimwi. Sina. Dawa ya kidonda nimepewa. Nisafishe kwa maji matupu, nisikune, nisinyoe, nisikutane na mke mpaka pakauke, na baada ya hapo nitumie kondomu. Chunjua zilizobaki watazigandisha kwa baridi kali baadaye, hapo pakipona.

Nikamuuliza swali langu. Kaleta nani? Akasema hakuna kipimo cha kujua. Virusi hivi hulala mwilini miaka, pengine tangu kabla ya ndoa, kwake au kwangu. Usijifanye hakimu, kasema.

Nimeshusha pumzi. Ndipo akaendelea. Aina inayoleta chunjua kwa kawaida si ile inayoleta saratani, lakini zinaweza kupanda gari moja. Mkeo aje apimwe shingo ya kizazi. Anatoka damu ovyo?

Nimesema sijui.

Najua.

Jumatano, 12 Machi

Sijamwambia. Nikifungua mdomo kuhusu damu yake, lazima niseme nimejulia wapi kwamba ni ya hatari. Nitaonekana mzinzi. Au ataona namwita yeye mzinzi. Kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Sikusema. Nimemsikia kwenye simu na kaka yake, analia, anasema mume kahama kitanda na ananuka dawa. Nguo zake za ndani kazianika chini ya khanga, lakini nimeona doa.

Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji kaja. Kakaa kwenye kochi langu la kulala, hakugusa chai. Akasema mwanaume anayehama kitanda ana kitanda kingine. Akasema kama nimemchoka dada yake nimrudishe kwao kwa heshima. 

Mke wangu akatoka chumbani na ile suruali. Kaka, kasema, nimekukosesha kazi bure. Ni maji ya betri kweli. Sikuliona tundu, hili hapa.

Tundu! Mahali penyewe hasa! Shemeji kacheka mpaka kakohoa, kaniambia nivae aproni, mali ya dada yake hiyo. Kanywa chai, kaondoka.

Nimeishika ile suruali. Tundu la maji ya betri lina kingo zinazopukutika. Hili kingo zake safi. Mkasi.

Akasema: mficha uchi hazai, lakini wako nimeuficha mimi, mbele ya kaka yangu. Sasa sema.

Nikaanza pabaya. Nikasema, mama watoto, ile damu yako...

 Mkono wake ukaenda tumboni, chini. Nikasema ngoja nilete dawa nilizopewa uone. Nikakimbilia huku chumbani. Dawa ninazo mkononi, na badala ya kurudi naandika.

Anaita kutoka sebuleni. Hana hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Baba watoto, damu yangu imeingiaje kwenye habari ya kidonda chako?