Zekiye Karabacak, Aliyebaki Mlimani na Mihazeli

Mwaka umetimia, Mama, tangu moyo wako usimame pale mteremkoni, mundu mkononi, ukikata machipukizi kwenye mashina ya mihazeli, miti yetu ya kokwa. Baba alikuwa anapanda kukuita unywe chai.

Uliletwa kwenye nyumba hii ya mlimani, juu ya mji wa Espiye, ukiwa bibi harusi, ukaahidiwa kwamba mtahamia mjini baada ya mavuno. Mavuno yapi, hukuambiwa. Agosti ulichuma umejifunga kamba kiunoni usije ukaporomoka. Wakati wa theluji ulikaa kando ya jiko la kuni ukivunja kokwa kwa nyundo juu ya jiwe. Ulijua kugonga pale penye mshono, kiini kikatoka kizima. Sisi tuligonga vidole.

Bibi Huriye, mama mkwe wako, alipopooza, ukabaki kumuuguza, hukutoka tena. Harusi za wadogo zako ulizisikia kwenye simu. "Nitashuka siku moja," ulikuwa ukisema, "nikanunue viatu vya kisigino, nivivae humu humu jikoni."

Halafu ikaja ile mvua. Gülizar, bintiyo, alikuwa amekuja kukusalimu, mimba imeshakua. Mlima ukaporomoka, barabara ikaenda nao, na asubuhi ile uchungu ukamshika kabla ya wakati. Kilichobaki ni ule waya wa kuvushia magunia ya kokwa ng'ambo ya bonde, ndani ya sanduku linalovutwa kwa gurudumu. Baba alikuwa ng'ambo na gari.

"Panda," ulimwambia.

"Mama, hili ni sanduku la magunia!"

"Gunia halijawahi kulalamika. Panda, mwanangu, fumba macho."

"Basi twende wote."

"Nani azungushe gurudumu? Na bibi yako nimwachie nani, paka?"

Ulizungusha mpaka viganja vikachubuka. Ulimwona Baba akimpokea, gari likaondoka, ukabaki. Simu zilikuwa zimekatika. Hukujua kama binti yako yu hai. Ukavunja kokwa zote zilizokuwamo ndani, hata zile zilizokwisha kutiwa guniani.

Bibi mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Alikufokea kutoka kitandani: "We Zekiye! Kelele gani hizo? Mtu halali humu?"

Ukamjibu, "Nagonga, mama, nisije nikapiga mayowe."



Siku ya pili Baba alisimama ng'ambo akapaza sauti, "Msichana! Wote wazima!" Ukakaa chini matopeni, ukacheka, ukalia. Barabara ilichelewa kutengenezwa. Ulipomshika Defne, mjukuu wako, kwa mara ya kwanza alikuwa anaota meno, akakung'ata kidole. Ulituonyesha alama mchana kutwa.

Bibi bado yupo, Mama. Kila asubuhi anauliza, "Zekiye yuko wapi?" Baba humjibu, "Yuko kwenye mihazeli," maana hana ujasiri wa kusema jingine, na sisi sote tumenaswa katika jibu hilo.

Juzi Gülizar alikuwa anamlisha. Bibi akausukuma mkono wenye kijiko, akatazama dirishani.

"Mwambieni ashuke," alisema. "Imetosha sasa. Mwambieni mwanangu apumzike."

Miaka yote ile hakuwahi kukuita mwanangu. Tunakuletea neno hilo hapa, kwa kuwa ni lako.

Unakumbukwa na mumeo İzzet, bintiyo Gülizar na sisi ndugu zake, mjukuu wako Defne, na mama yako Huriye. Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.