Kurasa Nilizoziruka

Kibanda cha Kinyozi,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. U hali gani huko uliko? Lile goti lako limetulia, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na hapo maabara, wameacha kukupanga zamu mbili mbili? Sisi huku tu wazima. Macho ya mama yako yanaendelea vizuri. Bandeji zimetolewa, na sasa anamtambua mtu anapoingia mlangoni kabla hata hajasalimia, ila bado amekatazwa kusoma na kushona. Mimi mgongo wangu ni ule ule wa mtu anayesimama kutwa akinyoa watu.

Ule ujumbe wa juzi uliosema "usimjibu mtu neno lolote, barua inakuja" ni wangu. Simu zetu hupokei, wala sikulaumu. Hata ungepokea, nisingeweza kuyasema haya kwa mdomo. Mpwa wangu, nimekukosea vibaya, na nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nipate akili zangu.

Ni juu ya kile kitabu ulichomtumia mama yako, chenye jalada la zambarau na kijana mwenye bawa moja. Kilifika siku moja kabla ya upasuaji, nawe hukujua kwamba madaktari wameuwahisha. Akawa amelala na bandeji usoni na kitabu kifuani, anamwomba kila anayeingia amsomee. Nikajitolea mimi, tena kwa kununa. Unanijua. Si ndiye mimi niliyekuwa nikikuambia, ulipokuwa shuleni, kwamba hadithi za mapenzi na uchawi ni za watu wasio na kazi?

Basi nilianza kwa kununa, na kufika sura ya tatu nilikuwa nafunga kibanda saa kumi. Huyu binti wa mtengeneza taa, ile ngome ambayo milango yake inahama, halafu yule bibi tuliyemzika mwanzoni kabisa anaibuka sura ya tisa, kumbe ndiye malkia! Nilipiga ukelele mpaka jirani yetu muuguzi akaja kuuliza kama mgonjwa ameanguka. Kazini nikawa nawaombea wateja wangu vipara ili niwahi kuondoka.

Tatizo lilikuwa mabusu. Yule ni dada yangu mkubwa, amenibeba mgongoni. Ningemsomeaje mambo yale mdomo wangu ukabaki salama? Nikawa nikiona tu "akamsogelea", nakohoa, nageuzia uso ukutani, nafunua kurasa mbili tatu bila kuzitazama, kisha nasema, "Kulipokucha..." Siku moja akaniuliza, "Wewe, hawa watu mbona kila wakisogeleana kunakucha?" Nikamwambia huko kwao usiku ni mfupi.

Kwa hiyo kijana aliyefika masikioni mwa mama yako alikuwa mtu wa ajabu. Anamfuata binti wa watu nyuma nyuma, hasemi kitu, bawa moja halipo na hatujui limekwenda wapi, halafu mwishoni binti anaacha kwao na kuondoka naye. Mama yako alichukia kabisa.

Ndipo ulipopiga simu ile Jumapili. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo kitandani. Ukamuuliza kama kitabu amekimaliza, akasema amekimaliza chote. Ukamuuliza kijana amemwonaje. Akakujibu, "Mwanangu, yule hata bure simtaki. Binti angebaki kwao tu." Ukasema tu, "Sawa, mama." Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa, mpumbavu mimi.

Kumbe ule mwisho ulinikera. Binti mwenye akili vile anaondokaje na mtu kama yule? Nikamdanganya dada kwamba kuna mteja anataka kuazima kitabu, nikakipeleka kibandani na kukifunga kwa gazeti. Jumatatu mchana nikaanza kuzisoma zile kurasa. Sikuficha raha yangu, maana hapakuwa na wa kumficha isipokuwa mwalimu wa hesabu aliyekuwa kitini, sabuni nusu uso. Nikafika pale kijana anapokiri kwamba bawa lake alilikata mwenyewe ili kaka wa yule binti atolewe kifungoni. Machozi yakanitoka. Mwalimu akauliza, "Fundi, nimekukosea nini?"

Nilipofunua ukurasa uliofuata, nikakuta mwandiko wako wa penseli pembeni.

Sikujua, mpwa wangu, kwamba tangu ukiwa mdogo wewe na mama yako mmekuwa mkiandikiana vitabuni yale yaliyokuwa mazito kuyasema. Nikasoma yasiyonihusu. Kwamba unaye fundi wa lifti, mpole kama huyu kijana wa kitabuni. Kwamba ana binti wa miaka minne na mkewe ni marehemu. Kwamba anasubiri jibu lako mwezi huu, nawe humkubali bila mama. Na yale maneno ya mwisho, kwamba akimaliza kitabu akwambie tu kijana amemwonaje, nawe utaelewa.

Sasa nakueleza lile baya zaidi. Mwandiko wako ukiwa mbele yangu, niliimaliza sura kwanza. Halafu nikakaa siku nne bila kumwambia dada yangu, kwa kumwogopa. Siku nne, na wewe huko unalia.

Ijumaa jioni nilikutumia ule ujumbe, na jana asubuhi nikamwambia yote. Hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu, "Soma kila neno. Na kusikuche!" Nikasoma mabusu yote mpaka jasho likanitoka, yeye anacheka kama msichana. Nilipofika kwenye bawa kicheko kikamwisha. Nilipofika kwenye mwandiko wako aliniomba niurudie, kisha mara ya tatu. Akasema, "Mwanangu ameniuliza, na mimi nimemfungia mlango." Akalia, na daktari alishamkataza kulia.

Baadaye akanituma nimletee kile kitambaa cha bluu kabatini. Akakikunjua mapajani, akakipapasa mpaka ncha, kisha akaniuliza mtoto wa miaka minne anavaa gauni la urefu gani. Nikasema sijui. Akasema, "Muulize mwanangu, mjukuu wangu ni mrefu kiasi gani, maana mwezi ujao nitaruhusiwa kushika sindano."

Mke wangu anakusalimu sana, na mama mdogo mpishi, na kaka yako dereva aliyerudi safari jana na kikohozi chake. Mungu akulinde na kukupa usingizi mzuri, maana najua nimekunyima.

Kama hujamjibu huyo fundi, sasa unalijua jibu la mama yako. Na kama umeshamwambia hapana, nakuomba, mwanangu, rudi kwake ukamwambie kwamba hiyo hapana haikuwa yako wala ya mama yako. Ilikuwa ya mjomba wako kinyozi, mzee mzima aliyeona haya kusoma busu.

Ni mimi nikupendaye, ninayesubiri simu yako,
Mjomba